Mwongozo kamili wa kuwafuatilia wahudumu wa afya wanaoshika dawa za kemotherapi

Mwaka 1979 Kai Falck na wenzake nchini Finland walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyowashtua wengi. Mkojo wa wauguzi walioshughulika na dawa za saratani ulionyesha nguvu kubwa zaidi ya kubadili vinasaba vya bakteria wa maabara kuliko mkojo wa watu wasiozishika dawa hizo. Wauguzi hao hawakuwa wamemeza kidonge wala kuchomwa sindano. Dawa iliwafikia wakiwa kazini, kidogo kidogo, na hakuna aliyeiona.

Tangu hapo vifaa vimeboreka sana, lakini swali limebaki lilelile: utajuaje kama dawa inaishia kwa mgonjwa peke yake? Mwongozo huu ni wa mfamasia, muuguzi kiongozi au afisa usalama aliyekabidhiwa kazi ya kulijibu. Msimamo wangu nausema mapema. Wengi hukimbilia kupima damu na mkojo wa wafanyakazi kwa sababu vipimo hivyo vinaonekana vya kitabibu zaidi, ilhali kipimo chenye faida kubwa kwa kuanzia ni cha meza, sakafu na vishikio vya milango. Uso wa meza unakuonyesha dawa ilikotokea, nawe unaweza kuziba njia hiyo kesho asubuhi. Mkojo unakwambia tu kwamba umechelewa.

Hatua ya 1: Jua dawa zako, kisha jua nani anazigusa

Anza na orodha. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilitoa tahadhari yake maarufu mwaka 2004, na orodha yake ya dawa hatarishi huhuishwa mara kwa mara. Toleo la karibuni ni la 2024. Dawa huingizwa humo ikiwa inasababisha saratani, inadhuru kijusi, inavuruga uzazi, inaharibu vinasaba, au inaumiza viungo hata kwa dozi ndogo. Linganisha orodha hiyo na stoo yako, dawa moja baada ya nyingine. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, nalo limeziweka siklofosfamidi, melfalani, klorambusili, busulfani na thiotepa katika kundi la 1, yaani vitu ambavyo ushahidi wake wa kusababisha saratani kwa binadamu unatosha.

Usiishie wodi ya saratani. Siklofosfamidi hutolewa pia kwa wagonjwa wa lupasi na wa figo. Methotreksati hutumika kwa ugonjwa wa viungo na kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwa hiyo inaweza kuwa mikononi mwa muuguzi wa wodi ya wanawake ambaye hajawahi kuhudhuria mafunzo yoyote ya dawa hizi. Mitomaisini huingizwa kwenye kibofu katika chumba cha upasuaji wa mfumo wa mkojo. Vidonge navyo vimo: mtu anayekivunja au kukisaga kidonge ili mgonjwa aweze kumeza anatengeneza vumbi la dawa bila kujua.

Ukimaliza kuorodhesha dawa, fuata njia yake yote: anayepokea maboksi, anayepanga rafu, anayechanganya, anayebeba mfuko hadi wodini, anayetundika dripu, anayemwaga mkojo wa mgonjwa, anayefua shuka, anayebeba taka. Wasafishaji na wafuaji ndio husahaulika kuliko wote. Hawasomi maandishi kwenye kichupa, hawaalikwi kwenye mafunzo, na mara nyingi wameajiriwa na mkandarasi, hivyo hata majina yao hayamo kwenye daftari la hospitali. Waandike.

Kwa kila mtu fungua kumbukumbu ya kazi yenye mambo machache tu: dawa anazoshika, anafanya nazo nini, mara ngapi kwa wiki, kwa saa ngapi, kinga anazovaa, na tukio lolote la kumwagikiwa au kuchomwa sindano. Kumbukumbu hii haina gharama, na bila yake majibu yote ya maabara yatakayofuata hayatafsiriki.

Hatua ya 2: Tazama kazi inavyofanyika, ukiwa na rangi inayong'aa

Kabla ya kutumia hata senti moja maabara, simama pembeni utazame kwa siku kadhaa. Je, kichupa kinafutwa kabla ya kuingizwa kwenye kabati la kuchanganyia, yaani boksi maalumu linalozuia dawa kutoka nje? Uchafu wa dawa hukutwa hata nje ya vichupa vipya vilivyofika kutoka kiwandani, kwa hiyo anayefungua boksi kwa mikono mitupu tayari ameguswa. Je, mpira wa dripu unajazwa kwa maji ya chumvi au kwa dawa yenyewe? Je, anayevuta dawa anasukuma hewa nyingi ndani ya kichupa hadi shinikizo linatema matone sindano inapochomolewa? Glovu zimevaliwa pea mbili? Sura ya 800 ya USP, kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani, inayoeleza ushikaji wa dawa hatarishi, inataka glovu zilizojaribiwa kwa dawa za kemotherapi zibadilishwe kila dakika 30 isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine, na mara moja zikichanika au kuchafuka.

Kisha fanya jaribio la fluoresini. Hii ni rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Weka mmumunyo wake kwenye kichupa badala ya dawa, mwombe mfanyakazi afanye kazi nzima kama kawaida, kuanzia kuchanganya hadi kuvua glovu na kunawa, halafu zima taa uwashe tochi ya urujuanimno. Madoa yatajitokeza yenyewe: kwenye kiganja, kwenye mkono wa gauni, kwenye kitasa cha mlango, pengine hata kwenye miwani. Sijaona mhadhara unaobadilisha tabia za watu haraka kama dakika tano za giza lile. Fanya jaribio wakati hakuna dawa halisi inayoandaliwa, na safisha kila kitu baadaye ili rangi isiingie kwenye maandalizi ya mgonjwa.

Kumbuka kwamba rangi inapima ufundi wa mikono siku ile tu. Haikuambii kuna dawa kiasi gani iliyolimbikizana kwenye chumba kwa miezi. Hiyo ni kazi ya hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Chagua dawa za kuwakilisha nyingine, na maabara inayoweza kuziona

Huwezi kupima dawa zote. Chagua mbili au tatu zinazotumika kwa wingi mahali pako na zenye kipimo kinachoaminika. Siklofosfamidi huwa ya kwanza karibu kila mahali: inatumika sana, iko kundi la 1 la IARC, na inapenya ngozi. Fluorourasili ni ya pili inayofaa kwa sababu dozi zake ni kubwa, hivyo ikivuja inaacha alama. Dawa za platini kama sisplatini hupimwa kwa kutafuta madini ya platini yenyewe, na kipimo chake kinaona viwango vidogo mno, lakini platini hutoka pia kwenye mazingira na hata kwenye meno ya bandia yenye madini hayo. Kwa hiyo platini ni kipimo kizuri cha meza kuliko cha mkojo.

Kwa maabara, swali la kwanza kuuliza ni kiwango cha chini kabisa wanachoweza kukiona kwa kila sampuli, kisha piga hesabu mwenyewe. Tuseme wanaweza kuona nanogramu 20 kwa sampuli (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu), nawe unapangusa kwa kitambaa eneo la sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita za mraba 100. Chochote kilicho chini ya nanogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba hawatakiona. Kama lengo lako ni 0.1, umelipia macho yasiyofika unakotaka kutazama. Ongeza eneo liwe 20 kwa 20, na kiwango hicho kinashuka hadi 0.05. Maabara nzuri hutumia kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi, yaani mashine zinazotenganisha kemikali na kuzitambua, inakutumia vitambaa na kimiminika cha kulowanishia vilivyojaribiwa pamoja, na inakueleza ni asilimia ngapi ya dawa iliyoko mezani kitambaa huweza kuiokota. Ikikosa jibu la swali hilo la mwisho, tafuta nyingine.

Vipo pia vifaa vya kupima papo hapo, vinavyofanya kazi kama kipimo cha ujauzito: unapangusa, unadondosha, unasubiri dakika chache. Vinasema ipo au haipo kwa dawa chache tu, na haviwezi kukuonyesha kama hali inaboreka mwezi hadi mwezi. Vinafaa baada ya kumwagika, kuhakiki usafi kabla ya kuruhusu watu warudi.

Hatua ya 4: Chora ramani ya sampuli

Chukua mchoro wa jengo uweke alama. Sehemu zinazotarajiwa kuchafuka: ndani ya kabati la kuchanganyia, sakafu iliyo mbele yake, rafu ya vichupa, meza ya kupokelea maboksi, dirisha la kupitishia dawa, trei ya kubebea. Wodini: sakafu chini ya stendi ya dripu, vitufe vya pampu, mkono wa kiti cha mgonjwa, sakafu kuzunguka choo cha wagonjwa, mfuniko wa pipa la taka.

Halafu ongeza sehemu ambazo zinapaswa kuwa safi kabisa: simu ya ofisi, kibodi, kitasa cha mlango wa kutokea, meza ya chakula ya wafanyakazi. Hizi nazipenda kuliko zote. Dawa ndani ya kabati ni jambo la kutarajiwa, lakini dawa kwenye meza ya chai inaeleza hadithi nzima kwa namba moja.

Tumia sehemu zilezile kila mara, kwa vipimo vilevile. Sampuli 15 hadi 20 kwa mzunguko zinatosha kwa idara ya wastani. Sura ya 800 ya USP inapendekeza upime mwanzoni, ili ujue ulipo, kisha angalau kila miezi 6. Ongeza mzunguko baada ya kubadilisha kifaa, kuhama chumba au kupokea wafanyakazi wapya wengi.

Amua pia saa ya kupima. Ukipima jioni kabla ya usafi, unapima kazi ya siku. Ukipima baada ya usafi, unapima wasafishaji na dawa zao. Yote mawili ni halali, mradi usiyachanganye na uandike ulichofanya. Na usitangaze siku mapema; watu wana tabia ya kusugua nyumba mgeni akikaribia.

Hatua ya 5: Pangusa kwa mpangilio usiobadilika

1. Andaa lebo zote kabla: namba ya sampuli, mahali, eneo kwa sentimita za mraba, tarehe, saa, jina la aliyepangusa.
2. Vaa gauni na glovu pea mbili. Kwa kila sampuli vaa glovu mpya za nje, ukiruka hili unabeba dawa kutoka kabatini hadi meza ya chai na kuwasingizia wasio na hatia.
3. Weka fremu ya eneo ulilochagua. Kwa vitu visivyo bapa kama kitasa, pangusa chote na kadiria eneo lake mara moja, kisha tumia makadirio hayohayo daima.
4. Lowanisha kitambaa kwa kiasi alichoelekeza mtu wa maabara. Pangusa kwa mistari ya kulala toka upande hadi upande, kunja upande uliochafuka uwe ndani, pangusa tena kwa mistari ya kusimama, kunja, malizia kingo.
5. Tia kitambaa kwenye chombo chake, funga, kiweke kwenye baridi. Safisha eneo, maana kimiminika cha kupangusia nacho huacha mabaki.
6. Kwa kila mzunguko fungua angalau kitambaa kimoja, kilowanishe, na kukifunga bila kugusa chochote. Hicho ndicho shahidi wako: kikija na dawa, sampuli zako zilichafuliwa njiani au mikononi mwako.

Sakafu yenye nyufa na meza ya mbao haviachii dawa kirahisi. Namba ndogo kutoka uso wa namna hiyo isikufariji.

Hatua ya 6: Soma majibu

Maabara ikikupa nanogramu kwa sampuli, gawa kwa eneo. Nanogramu 60 kwenye sentimita za mraba 400 ni 0.15 kwa sentimita ya mraba. Nanogramu 60 hizohizo kwenye sentimita za mraba 100 ni 0.6, mara nne zaidi. Ripoti nyingi hulinganisha namba ambazo hazikugawanywa na kuzua hofu au faraja isiyo na msingi.

Hakuna kiwango kinachokubalika kimataifa kuwa ni salama. Kwa dawa inayoharibu vinasaba, lengo ni kushusha kadiri inavyowezekana. Zipo hata hivyo alama za kukuongoza. Kwa siklofosfamidi, watafiti wa Uholanzi walipendekeza mfano wa taa za barabarani: chini ya nanogramu 0.1 kwa sentimita ya mraba ni kijani, kati ya 0.1 na 10 ni ya njano inayodai marekebisho, na zaidi ya 10 ni nyekundu, kazi isimame hadi chanzo kijulikane. Sura ya 800 ya USP haiweki kikomo, ila inaitaja nanogramu 1 ya siklofosfamidi kwa sentimita ya mraba kama mfano wa uchafuzi ambao baadhi ya tafiti zimeuona ukiandamana na dawa kuingia miilini mwa wafanyakazi. Ujerumani wamependelea njia ya takwimu: unakusanya majibu ya vituo vingi na kujilinganisha navyo.

Njia hiyo ya mwisho inawezekana hata ukiwa peke yako. Panga majibu yako 20 toka dogo hadi kubwa. La 18 ndilo ambalo asilimia 90 ya sampuli hazilizidi. Mzunguko ujao, namba hiyo ishuke. Wastani hupotoshwa na sampuli moja mbaya, na asilimia 90 inaeleza vizuri zaidi tabia ya kituo.

Kilicho muhimu kuliko ukubwa wa namba ni mahali ilipotokea. Rafu na meza ya kupokelea zikiwa juu huku kabati likiwa safi, uchafu unakuja na vichupa: anzisha kupangusa vichupa vinapofika, na anayepokea avae glovu. Sakafu mbele ya kabati ikiwa juu, shida ni matone na glovu zinazotolewa nje kabla ya kuvuliwa. Fikiria vifaa vya kuhamishia dawa vyenye mfumo uliofungwa, rudia mafunzo. Vitufe vya pampu na simu vikiwa juu, watu hawavui glovu kati ya kazi moja na nyingine. Sakafu chini ya stendi ikiwa juu, chunguza viungo vya mipira na jinsi mifuko inavyochomolewa. Sakafu ya choo ikiwa juu, chanzo ni mkojo wa wagonjwa, na hapo wasafishaji ndio walio hatarini kuliko mfamasia. Kinyesi na mkojo wa mgonjwa vihesabiwe kuwa na dawa kwa angalau saa 48 baada ya dozi, na baadhi ya dawa kwa siku kadhaa. Choo cha wafanyakazi kiwe mbali na cha wagonjwa.

Na kila kitu kikiwa juu, tazama namna ya kusafisha. Spiriti huua vijidudu lakini haivunji dawa hizi, inazisambaza tu. Utaratibu unaofaa una awamu: kuivunja dawa kwa kemikali inayofaa kama hipokloriti ya sodiamu (ile iliyomo kwenye jiki) pale uso unapoivumilia, kuondoa mabaki kwa vitambaa vilivyolowanishwa, kuosha kwa sabuni, ndipo kuua vijidudu. Hipokloriti inakula chuma, kwa hiyo iondolewe kwa thiosulfeti, kemikali inayoizima, au kwa maji. Kimiminika kimwagwe kwenye kitambaa. Kupulizia moja kwa moja kwenye dawa kunairusha hewani.

Kuhusu hewa yenyewe, vipimo vyake huwa havina mavuno mengi. Dawa nyingi hazigeuki mvuke kwa wingi, na chujio la sampuli linaweza kupoteza hata mvuke uliopo. Hakikisha kabati limekaguliwa, chumba kina mgandamizo wa chini kuliko korido, na fedha iliyobaki ipeleke kwenye nyuso.

Hatua ya 7: Mkojo, kwa sababu maalumu

Pima mkojo pale nyuso zinapoendelea kuwa juu baada ya marekebisho, baada ya tukio kubwa la kumwagikiwa, au unapotaka kujua kama kifaa kipya kimesaidia kundi zima. Usiufanye kuwa kipimo cha kila mwezi cha kumtuliza mtu.

Mfanyakazi aelezwe na akubali kwa hiari, kwa maandishi. Jibu ni lake. Mwajiri apewe muhtasari wa majibu ya kundi bila majina. Mahali ambapo watu wanaogopa kwamba jibu baya litawaondoa kazini, utapata sampuli za mkojo zilizotiwa maji na hutajua kamwe.

Siklofosfamidi hupungua nusu kwenye damu ndani ya saa 3 hadi 12, na sehemu yake ndogo tu hutoka bila kubadilika. Kwa hiyo sampuli moja ya asubuhi haitoshi. Kusanya kila haja ndogo tangu mwanzo wa zamu hadi saa 24, andika saa na ujazo wa kila moja, chukua kiasi kidogo toka kila moja na ukigandishe. Fluorourasili yenyewe haionekani kirahisi, kwa hiyo maabara hutafuta zao lake, alfa-fluoro-beta-alanini.

Sampuli ikusanywe nje ya eneo la dawa, baada ya kuvua nguo za kazi na kunawa kwa sabuni, la sivyo utapima vidole. Uliza pia kama mfanyakazi mwenyewe anatumia methotreksati, au anamuuguza nyumbani mtu aliye kwenye matibabu; choo cha pamoja kinaweza kutoa jibu ambalo hospitali haihusiki nalo.

Hesabu ni ya kuzidisha na kujumlisha. Haja yenye nanogramu 0.05 kwa mililita, ujazo mililita 400, ina nanogramu 20. Jumlisha za siku nzima. Ikionekana dawa, imeingia mwilini, hakuna ubishi. Isipoonekana, umejua tu kwamba dawa hiyo moja, siku hiyo moja, ilikuwa chini ya uwezo wa mashine.

Vipimo vya uharibifu wa vinasaba, kama kuhesabu viini vidogo kwenye chembe za damu, viachie watafiti. Umri na sigara huvipandisha, na hakuna daktari anayeweza kumwambia mtu mmoja nini maana ya namba yake.

Hatua ya 8: Afya ya mtu mwenyewe

Kabla mtu hajaanza kazi hii, daktari wa wafanyakazi aandike historia yake: magonjwa, uzazi, dawa, kazi alizowahi kufanya na kemikali au mionzi. Afanyiwe uchunguzi wa mwili, picha kamili ya damu, na pale inapofaa vipimo vya ini, figo na mkojo. Kisha arudi kwa vipindi, kila mwaka hivi, na anapoondoka.

Damu hulinganishwa na ya mtu huyohuyo mwanzoni. Chembe nyeupe zilizopungua zina sababu nyingi za kawaida kuliko dawa hizi, na kwa viwango vya uchafuzi vya leo ni nadra kuona damu ikibadilika. Maswali huzaa zaidi: vipele baada ya zamu, kuumwa kichwa au kichefuchefu wakati wa kuchanganya, nywele kukatika, matatizo ya kupata ujauzito. Watatu wa zamu moja wakilalamika vipele, rudi hatua ya 2 ukatazame glovu zao.

Uzazi uulizwe kwa faragha, kwa wanawake na wanaume. Mwaka 1985 Selevan na wenzake waliwachunguza wauguzi wa Finland na kukuta kushika dawa hizi katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito kulihusishwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa mimba kuharibika. Hiyo ilikuwa enzi ya kinga hafifu, lakini miezi hiyo mitatu ndiyo ambayo wengi hawajamwambia mkubwa wao wa kazi kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo kazi mbadala itolewe kwa anayeomba, awe mjamzito, ananyonyesha au anatafuta mtoto, bila kudai uthibitisho na bila kumpunguzia mshahara. Utaratibu huu utangazwe siku ya kuajiriwa, usisubiri mtu aulize.

Hatua ya 9: Dawa ikimwagika au kumpata mtu

Nguo na glovu zilizochafuka zivuliwe mara moja, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi. Jicho lisafishwe kwa maji au maji ya chumvi dakika 15 mfululizo, kisha daktari. Andika saa, dawa, kiasi kinachokadiriwa, kiungo kilichopatwa na kinga zilizokuwepo. Aliyepatwa akikubali, kusanya mkojo wake kwa saa 24 kuanzia wakati huo. Eneo lisafishwe na aliyefunzwa mwenye kifurushi cha kumwagika, kisha lipanguswe na kupimwa kabla ya kufunguliwa.

Hatua ya 10: Rekebisha, pima tena, tunza karatasi

Kila jibu lililovuka alama yako lipate jina la mtu, marekebisho na tarehe ya kupima upya, ndani ya wiki chache. Badilisha jambo moja kwa wakati inapowezekana, la sivyo hutajua kama ni kifaa kipya au msafishaji mpya aliyeshusha namba. Majibu ya nyuso yabandikwe ubaoni ambapo hata wafuaji watayasoma, kwa lugha wanayoielewa; majibu ya miili yafungiwe.

Saratani inayotokana na kazi huweza kuchukua miongo kujitokeza, na ndiyo maana sheria za Marekani zinataka kumbukumbu za afya zitunzwe kwa muda wote wa ajira na miaka 30 zaidi, huku Umoja wa Ulaya ukitaka angalau miaka 40 baada ya mtu kuacha kukutana na vitu vinavyosababisha saratani. Fuata sheria ya mahali ulipo, na ikiwa inadai pungufu ya hapo, chukua muda mrefu zaidi. Mfanyakazi anapohama, mpe nakala ya kumbukumbu yake yote mkononi: dawa alizoshika, miaka, matukio, majibu. Mkandarasi wa usafi akibadilishwa, chukua za wasafishaji wake kabla hajakabidhi funguo.